Chesisi Iliyotoka Kitonga

Jumamosi, 3 Septemba 1955. Iringa

Mzee Jailos wa Uyole amefika leo na mkewe, Mama Atuganile. Wamepanda lori la mbao siku mbili kutoka Mbeya. Wamekuja kulifufua gari lao. Neno hilo ni la Mzee. Mimi ningesema kulitengeneza.

Gari lenyewe liko uani kwangu tangu mwaka 1952, vipande vipande: injini chini ya turubai, ekseli mbili, na kichwa ambamo kuku wa mke wangu Paskalina wanataga. Kijana wao Asukile alianguka nalo Kitonga akiteremka na viazi, akafa palepale. Maiti ilirudishwa Uyole ikazikwa. Mimi na Sedekia, mhunzi ninayefanya naye kazi, tulivuta vyuma vilivyovutika. Chesisi ikabaki korongoni kwa uzito wake. Chesisi ndiyo uti wa mgongo wa gari, mapande mawili marefu ya chuma yanayobeba kila kitu. Bila hiyo, hivyo vingine vyote ni takataka.

"Kabla ya mvua, fundi Philbert," Mzee akasema. "Mvua ikishika viazi vitaniozea shambani."

Mvua huku hushika mwishoni mwa Novemba. Jeshini nilizoea kuandika kila jioni gari lilivyoshinda, na kazi hii naona itahitaji kumbukumbu.

Alhamisi, 8 Septemba

Tumekwenda na Sedekia kutazama chesisi kwenye shamba la tumbaku la Mgiriki mmoja, njia ya Kalenga. Nzima, imenyooka, kutu ni ya juu juu tu. Sedekia aliigonga kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma, ikalia kama kengele kila mahali. Yenye ufa hailii hivyo. Ila ni ndefu kuliko ya Mzee kwa futi moja na inchi nne. Itabidi ikatwe na kuungwa kwa ribiti, misumari minene ya kufuliwa, kazi ya wiki tatu.

Mzee hakutaka hata kuisikia. "Yangu ipo. Mtoto nilimchukua, chuma chake nikakiacha kule kama mzoga. Nendeni mkanichukulie."

Nikakubali. Si kwa huruma. Ya kwake ingeingia bila kukatwa.

Jumatano, 14 Septemba

Kitonga.

Tulipita Ilula saa mbili asubuhi, na lori lenye winchi na wanaume wanane. Ukungu ulikuwa mzito hata dereva akatanguliza mtu kwa miguu mbele ya gari. Mlima unapoanzia tulisimama kununua vitunguu kwa mama anayeitwa Damari, ambaye ameuza pale kando ya barabara tangu kabla ya vita. Akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia tunakwenda kulivuta gari lililoanguka kona ya tatu.

"Lipi?"

"Liko moja tu, mama."

Alinitazama kidogo. Akaongeza vitunguu viwili juu ya fungu bila kuombwa, akaingia ndani na kufunga mlango, asubuhi ile yenye wateja.

Korongoni hakuna upepo. Majani hayatikisiki, na ndege niliowasikia barabarani hawakuteremka nasi. Udongo ulikuwa umeporomoka tangu 1952, alama zangu zimepotea. Tuliikuta chesisi karibu na kijito, nusu imezama kwenye tope. Mti mnene kama paja langu ulikuwa umeota katikati ya mapande yake. Tukaukata. Kuna maji pale, miti hukua upesi.

Sedekia aliigonga mara moja. Haikulia. Ilitoa sauti kama mtu anapogonga mlango wa nyumba yenye watu ndani. Akarudisha nyundo mfukoni.

"Imejaa tope," akasema.

"Ndiyo," nikasema, "ni tope."

Winchi ilipoanza kuvuta, wale wanane walikuwa wakiimba kupeana nguvu. Chesisi iling'oka na mlio mrefu wa kunyonya, kama mtu aliyezuia pumzi siku nyingi sasa anaivuta. Wimbo ukakatika. Kazi iliyobaki waliifanya kimya mpaka juu.

Ijumaa, 16 Septemba

Chesisi iko uani juu ya magogo manne. Asubuhi imelowa yote, inadondosha maji. Ekseli zilizo hatua mbili pembeni ni kavu.

Jumamosi, 17 Septemba

Mama Atuganile ameletwa kuiona. Ni mwanamke mdogo wa mwili, wa maneno machache, na Kiswahili chake kinatembea taratibu kikiegemea Kinyakyusa. Aliizunguka mara moja. Akaweka kiganja juu ya chuma, akakitoa haraka.

"Hii siyo."

"Mama," mumewe akasema, "huwezi kujua chuma."

"Chuma sikijui. Mtoto namjua. Hapa hayupo." Kisha akanigeukia mimi, kwa upole kama anayemweleza mgeni njia. "Hapa pana watu, fundi. Ila yeye hayupo."

Nilimhurumia. Huzuni inaweza kumgeuza mtu.

Jumatatu, 19 Septemba

Amekuja tena. Amekaa juu ya sanduku tangu asubuhi hadi adhuhuri, anaitazama.

Jumanne, 20 Septemba

Nimeanza kukwangua tope lililoshindiliana ndani ya mapande. Nimepata kifungo cha shati, cheupe, matundu manne.

Jumatano, 21 Septemba

Kifungo kingine. Cha kaki.

Ijumaa, 23 Septemba

Vifungo vitano, na hakuna viwili vinavyofanana. Na chanuo la mbao, limebaki meno matatu.

Jumamosi, 24 Septemba

Nilivitia kwenye kopo, nikalificha nyuma ya grisi. Mama Atuganile alikuja moja kwa moja akaomba kuona nilichopata. Sikuwa nimemwambia mtu. Alivimwaga kwenye kitenge chake, akavihesabu kwa kidole.

"Asukile siku ile alivaa sweta niliyomfumia mwenyewe," akasema. "Haina kifungo hata kimoja."

Nikamwambia lori hubeba abiria wengi, vitu huanguka. Akasema ndiyo, huanguka. Akavirudisha kwenye kopo kimoja kimoja.

Jumanne, 27 Septemba

Mteja mmoja alitania leo habari za wanaume wanaokwenda kukata mkonge pwani wakanogewa na wanawake wa huko. Sedekia aliweka nyundo chini akatoka nje. Kaka yake Yohane alikwenda manamba Tanga mwaka 1942, akamwacha mke kwao Ilembula. Mkataba uliisha, hakurudi. Ikasemwa ameoa hukohuko. Miaka yote hii Sedekia humtaja kaka yake kama mtu anayetema kitu kichungu, na mwanawe wa kwanza alikataa kumpa jina lile.

Alhamisi, 29 Septemba

Tumejaribu kukalisha injini. Matundu hayakutani, nusu inchi kila upande. Nikasema imejipinda ilipoanguka. Nikaipima kwa uzi kutoka pembe hadi pembe. Haijajipinda.

Ijumaa, 30 Septemba

Nimejaribu kutoboa matundu mapya. Ncha tatu za keekee zimekatika, zote mahali pamoja. Paskalina ameacha kuanika nguo upande huo wa ua. Nilipomuuliza sababu alisema kamba imelegea. Kamba niliikaza mimi Jumapili.

Jumatatu, 3 Oktoba

Niandike kama ilivyo.

Leo nilisugua kutu upande wa mbele kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, nikaifikia namba iliyogongwa kwenye chuma. 20817. Kadi ya gari ya Mzee Jailos iko mezani kwangu tangu siku ya kwanza. Imeandikwa 31164.

Niliisugua tena. Nikasoma kwa kidole, macho nimefumba. 20817.

Basi si gari la Asukile. Na mti ule, mnene kama paja, haukuota kwa miaka mitatu. Nililiona lile kwa macho yangu na nikajipa jibu, kwa kuwa jibu lilinifaa.

Sijamwambia mtu. Urefu ni sawasawa, chuma ni kizima, wiki saba zimebaki kabla ya mvua. Nimepaka rangi nyeusi juu ya namba.

Alhamisi, 6 Oktoba

Sijasema.

Jumamosi, 8 Oktoba

Sijasema. Rangi haikauki. Kila nikigusa inabaki kidoleni, na jua la Oktoba linapasua ardhi.

Jumatatu, 10 Oktoba

Mama Atuganile alikuja peke yake. Hakukaa. Aliuliza, "Fundi, wewe ni Mkristo?"

"Ni Mkatoliki, mama."

"Na sisi ni Wamoraviani, lakini msiba ni mmoja. Mimi mwanangu nilimuosha, nikamvika, nikamzika. Najua alipo. Huyu," akaionyesha chesisi kwa kidevu, "ana mama yake mahali. Anauliza mpaka leo."

Nilichukua kitambaa, nikaloweka mafuta ya taa, nikaifuta ile rangi mbele yake. Hajui kusoma. Nilimsomea namba, kisha nikamsomea kadi. Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu.

"Umejua siku ngapi?" akauliza tu.

"Saba, mama."

"Ndaga," akasema, kwa lugha yao, asante. Kisha akaenda kumwita mumewe.

Nilidhani huyu mama amechanganyikiwa. Kati yetu wawili, mimi ndiye niliyekuwa nikipaka rangi.

Ijumaa, 14 Oktoba

Karani wa polisi anayetunza vitabu vya ajali alinifunulia kurasa mpaka mwanzo wa vita. Kona ya tatu, gari moja tu: la Asukile. Nikamuuliza inawezekanaje lori lipotee lisiandikwe. Alifikiri, akasema wakati wa vita petroli ilikuwa ya kugawiwa, na wapo waliotembeza magari bila kibali. "Gari la namna hiyo likianguka, mwenyewe hawezi kuja hapa kulitafuta."

Jumatano, 19 Oktoba

Tumekwenda tena Kitonga: mimi, Sedekia, Mzee Jailos, na wanaume wanne. Wanne kati ya wale wanane wa kwanza walikataa.

Njiani nilimwendea Damari. Nikamwambia, "Mama, uliniuliza lipi. Sasa nakuuliza wewe."

Aliniketisha. Alisema ilikuwa mwaka wa njaa, 1943, mvua ya kwanza ya msimu. Jioni alisikia lori linapanda Kitonga, na wanaume juu yake wanaimba. Waliomaliza mkataba walikuwa hivyo, waliimba wakikaribia kwao. Kwa kuwa hununua chakula, alibandika sufuria kubwa. Wimbo ukapanda kona ya kwanza, ukapanda ya pili. Kwenye ya tatu ukakatika, si kwa kufifia, bali kama uzi.

"Nikasubiri na ugali wangu mpaka ukapoa. Kesho yake mlima ulikuwa umeporomoka, barabara haikupitika siku nne. Kila alama imefukiwa."

"Hukumwambia mtu?"

"Niliwaambia wengi. Wakaniuliza, uliona? Sikuona. Nilisikia." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Mvua ya kwanza ikinyesha, kila mwaka, bado nasikia. Mpaka kona ya tatu. Ndiyo maana siku hiyo siuzi."

Sedekia alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza, "Waliimba kwa lugha gani?"

"Kibena, baba."

Sedekia ni Mbena.

Tulichimba pale chesisi ilipokuwa. Hatukuchimba sana. Sitaandika kila kitu. Kwa hesabu ya vichwa walikuwa kumi na mmoja, wamekaribiana, kama watu walioshikana. Pamoja nao mabeseni ya bati, sufuria mpya zilizopangwa moja ndani ya nyingine, masanduku yaliyoliwa na kutu.

Mzee Jailos alivua kofia. "Anayekwenda manamba huenda mikono mitupu," akasema. "Hawa walikuwa wanarudi."

Hatua hamsini mbele, chini ya udongo mwingine ulioporomoka, tuliikuta chesisi yake, 31164. Imejisokota kama kamba. Aliitazama, akaniambia, "Basi. Imetosha."

Nilipogeuka nilimwona Sedekia amepiga magoti mbele ya sanduku dogo. Lilikuwa na kioo cha mkononi, kitambaa kilichooza, na kisu. Kisu alikuwa amekishika kwa ubapa, jinsi mhunzi anavyoshika kazi ya mwenzake. Shingoni mwa kisu kulikuwa na alama tatu za nyundo, zimepangwa kama mafiga.

"Hii ni alama ya nani?" nikauliza, ingawa nilishaona usoni.

"Ya baba yetu. Alitufulia viwili. Changu kiko nyumbani."

Kisha akasema, si kwangu, "Nimekutukana miaka kumi na miwili, kaka. Na ulikuwa hapa. Juzi nimekugonga kwa nyundo."

Alhamisi, 20 Oktoba

Tumewafunga kwenye shuka safi na kuwaweka kwa katekista wa Ilula. Watazikwa watu wao wakipatikana. Kwenye masanduku matano kulikuwa na majina yaliyokwaruzwa, yote ya upande wa Ilembula na Njombe. Sedekia ameandika barua tano.

Jumamosi, 22 Oktoba

Tumekaa kikao uani, Mzee na mkewe, Sedekia na mimi. Nilieleza kwamba chesisi ya korongoni, kwa kipimo cha ufundi, inafaa. Nilisema hilo kwa sababu ni kweli, na nimeapa kusema kweli yote.

"Inafaa," Mama Atuganile akarudia. "Hata jeneza linafaa kuwekea mahindi."

Mzee alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Kisha akaniuliza kama ile ya Mgiriki bado ipo.

"Ipo. Lakini wiki tatu, Mzee. Mvua itatukuta."

"Itukute. Ile haijui mtu yeyote wetu. Tutaifundisha."

Jumatano, 26 Oktoba

Chesisi ya Mgiriki imefika. Asubuhi ni kavu. Kuku wamelala chini yake.

Jumatatu, 31 Oktoba

Tumeikata. Msumeno ulikwenda moja kwa moja.

Alhamisi, 3 Novemba

Sedekia ameomba ile nyingine, ya korongoni. Wenye nayo ni maiti, nikamwambia, ila tuliivuta kwa ajili ya Mzee, muulize yeye. Mzee akasema ni ya Sedekia. Ameanza kuikata vipande kwenye moto. Msalaba mmoja.

Ijumaa, 4 Novemba

Misalaba miwili. Mchana anatengeneza ribiti zangu, jioni misalaba yake.

Jumanne, 8 Novemba

Mitano. Chuma kile kilichokata ncha zangu tatu, mkononi mwake kinainama kama udongo wa mfinyanzi.

Jumamosi, 12 Novemba

Barua mbili zimejibiwa. Moja imeandikwa na mwalimu kwa niaba ya bibi kizee: anauliza kama mwanawe alikuwa na jino la mbele lililovunjika. Sedekia alikwenda Ilula kwa miguu na kurudi, siku tatu, ili ajibu kweli. Alikuwa nalo.

Jumatatu, 21 Novemba

Ribiti ya mwisho. Nimeigonga chesisi toka mbele hadi nyuma, hata penye kiungo. Inalia kote.

Jumapili, 27 Novemba

Mvua.

Ijumaa, 2 Desemba

Injini imekaa, imewaka. Mama Atuganile alikisafisha kichwa mwenyewe, akatoa manyoya na maganda ya mayai. Alikaa kwenye kiti cha dereva akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani. Tukamwacha.

Ijumaa, 9 Desemba. Ilembula

Safari ya kwanza ya gari haikuwa ya viazi. Mzee alisema viazi vitangoja, kama ni kuoza vioze. Mazishi ni kesho Ilula, na wenye watu wao wako huku. Nimeendesha mimi, Mama Atuganile pembeni yangu, Mzee na Sedekia nyuma. Mvua tangu alfajiri.

Tulimchukua bibi kizee wa ile barua, na mzee kipofu na bintiye, tukawaketisha nyuma chini ya turubai. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Lea, aliyekuwa mke wa Yohane. Aliposubiri miaka minne watu walimcheka, akaolewa na mkulima anayeitwa Liberatus. Wana watoto watatu. Yeye hakuandikiwa barua. Sedekia alisema maneno yale hayapelekwi na karatasi.

Tulimkuta kibarazani anachambua maharage kwenye ungo. Liberatus alikuwa anachonga mpini. Tukaamkiana, "Kamwene," tukaketi. Nilidhani ningelazimika kusema mimi.

"Shemeji," Sedekia akasema mwishowe. Lea aliinua uso. Naona ni miaka mingi hajaitwa hivyo. "Yohane hakubaki Tanga."

"Alibaki wapi?"

"Kitonga. Gari lilianguka, mwaka ule ule mkataba ulipoisha. Alikuwa anarudi."

Mikono ya Lea ilikuwa imeacha kufanya kazi. Maharage yakawa yanateleza kutoka kwenye ungo, moja moja, na hakuna aliyeyazuia.

"Mna hakika?"

Sedekia akampa kisu. Alikigeuza, akaziona zile alama tatu, akakiweka chini.

"Alikuwa na nini kingine?"

"Kioo. Na kitambaa. Kimeoza, lakini katikati ya mkunjo rangi ilikuwa bado. Chekundu."

"Nilimwambia chekundu," Lea akasema.

Hakulia. Aliokota maharage yote yaliyoanguka, akayarudisha kwenye ungo, akaufunika. Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Yudith, kesho wanamzika. Nataka kwenda kumzika."

Liberatus aliweka mpini chini. Akasimama, akaingia ndani. Nilimtazama Sedekia, naye alikuwa anatazama miguu yake. Nikajiuliza tutafanya nini akikataa; na kama ana haki ya kukataa.

Alitoka amevaa koti lake la mvua. Mkononi alikuwa na jembe na shuka zito la mkewe. Alimfunika Lea mabegani, akamwita jirani aje akae na watoto.

"Kaka, si lazima wewe uende," Sedekia akamwambia. "Njia ni mbaya."

"Nimekaa kwenye nyumba yake na mke wake miaka minane," Liberatus akasema. "Huyo ni mwenzangu. Nani atamchimbia, kama si mimi?"

Akatupa jembe nyuma ya lori, akapanda.

Mama Atuganile alikuwa bado mbele. Alipomwona Lea anakuja, aliteremka bila kuambiwa, akamwonyesha mahali pake, akamfungia mlango. Kisha akazunguka nyuma kwenye mvua, na Liberatus akainama, akampa mkono, akamvuta juu.